Yoga kwa mwenye kiwewe: hiari kwanza, mkao baadaye

"Fumba macho, vuta pumzi ndefu, tulia." Katika darasa la kawaida la yoga maneno haya hayana ubaya. Kwa mtu aliyebakwa, aliyepigwa kwa miaka au aliyenusurika vita, yanaweza kumtibua vibaya: akifumba macho hajui nani yuko nyuma yake, na pumzi ndefu humfanya asikie moyo unavyodunda, kitu ambacho mwili wake umekizoea kama dalili ya hatari.

Aliyeumizwa alinyang'anywa uamuzi juu ya mwili wake. Mwalimu anayemwamrisha, hata kwa upole, anamrudisha kulekule. Badala ya "inua mikono", sema "ukipenda, inua mikono, au iache mapajani", kisha nyamaza kidogo ili achague kweli. Kumshika ili kumnyoosha mgongo, hapana. Hata kumwomba ruhusa hakutoshi, maana wengi walishazoea kuitikia "ndiyo" kwa woga.

Yoga ya namna hii ilipimwa Marekani kwa wanawake wenye kiwewe sugu, saa moja kwa wiki, wiki 10. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014, 16 kati ya 31 waliofanya yoga hawakutimiza tena vigezo vya ugonjwa wa kiwewe (PTSD); upande wa waliopewa elimu ya afya walikuwa 6 kati ya 29. Lakini yoga ile ilikuwa nyongeza juu ya tiba. Anayekuambia uache kumwona mtaalamu, mkimbie.

Mwanzoni dakika 10 zinatosha. Chukua kiti imara kisicho na magurudumu, kiegemeze ukutani, kaa mahali unapouona mlango. Macho wazi. Kandamiza nyayo sakafuni kwa sekunde kama 5, legeza, rudia mara 3 huku ukisikiliza misuli ya mapaja inavyokaza na kuachia. Kisha geuza kichwa taratibu kulia na kushoto, ukitazama vitu vilivyomo chumbani. Kama husikii chochote miguuni, usijilazimishe. Ganzi nayo ni namna ya mwili kujilinda. Jaribu kitu chenye nguvu zaidi, kama kusukuma ukuta kwa viganja.

Pumzi iache ijiendeshe. Ukishazoea, unaweza kuvuta kwa hesabu ya 3 na kutoa kwa 5, bila kuibana katikati. Vidole vikianza kufa ganzi au kizunguzungu kikija, huenda unapumua kupita kiasi: acha kuhesabu, rudi kwenye nyayo.

Kosa linalowaponyoka hata walimu wazuri ni kudhani kuganda ndiyo utulivu. Mtu amelala chali kimya, macho yamekodoa, ukimwita anachelewa kujibu: huyo hajapumzika, akili yake imeondoka. Mwite jina kwa sauti ya kawaida, bila kumgusa. Akiweza, akae, asimame, atembee, ataje rangi za vitu anavyoviona. Siku nyingine amalizie akiwa ameketi au amelala ubavu. Mikao ya kutanua mapaja, pamoja na mikanda ya kufungia miguu, ni bora isiwemo kabisa katika miezi ya mwanzo.

Jinamizi likizidi usiku baada ya mazoezi, punguza muda kwa nusu na umweleze mtaalamu wako kabla ya kuongeza mkao wowote mpya.