Kroshia imenikamata

Jamani, kroshia ni tamu! Mama mdogo wa Kirumba, hapa Mwanza, ndiye anayenifundisha, jioni, barazani kwake. Vitambaa vya makochi nimeviona tangu utotoni, lakini kuviona vikizaliwa kwenye sindano moja yenye ndoano na uzi usiokatwa ni raha nyingine.

Kilichonifungua macho ni mkono wa kushoto. Sindano iko kulia, ila anayeamua ni kushoto: mama anazungusha uzi kidole cha mwisho, anaupitisha juu ya kidole cha shahada, kisha anauachia kidogo kidogo. Ukikaza, ndoano haipenyi kwenye vitanzi vya mstari wa chini. Ukilegeza, kitambaa kinakuwa kama chandarua.

Mnaotaka kuanza, chukueni uzi mnene kiasi, wa rangi nyepesi, na sindano ya milimita 5. Mweusi uacheni kwanza, vitanzi havionekani. Wangu ni wa pamba, nimeununua Makoroboi, na naupenda kwa sababu hautelezi. Fuma cheni, yaani vitanzi vya mwanzo vinavyoshikana kama mnyororo, mpaka zilingane ndipo uanze mistari. Halafu hesabu vitanzi kila mwisho wa mstari, maana kile cha pembeni hujificha, na kitambaa kinaanza kusinyaa upande mmoja.

Sasa nafuma kitambaa cha meza ya bibi, Sengerema. Jumamosi nikivuka na kivuko cha Kamanga nitakuwa nacho mkononi. Aliyeko Mwanza anayejua kufuma ua la duara kuanzia katikati, naomba anielekeze, nitamfuata alipo.