Kumsaka daktari wa familia kwenye mji mdogo

Tulipohamia huu mji mdogo mi niliwaza nyumba na shule ya watoto tu, habari ya daktari wala, mpaka magoti ya mama yalipoanza kusumbua. Akaenda kwa wa mifupa, akapewa diclofenac, dawa ya maumivu. Wiki kadhaa baadae presha juu, akaenda kwa mwingine, akaongezewa dozi ya presha. Haishuki. Akaongezewa tena. Na kila akienda anaanza hadithi upya, una miaka mingapi, unaumwa nini, umezaa mara ngapi, yaani mpaka kachoka kujieleza.

Kumbe dawa za jamii ya diclofenac na ibuprofen zinaweza kupandisha presha na kuzipunguzia nguvu baadhi ya dawa za presha. Madaktari wote wawili wanalijua hilo, ila hakuna aliyeziona karatasi zote mbili pamoja.

Ndo nikaanza kusaka daktari wa familia. Wengi wanadhani ni daktari aliyekosa ubingwa, hapana, huu nao ni ubingwa, Marekani waliutambua rasmi 1969, anasomea mtoto, mzee, mjamzito, mpaka msongo wa mawazo, halafu anabaki na wewe. Kuna utafiti wa Norway wa watu zaidi ya milioni 4, waliokaa na daktari mmoja zaidi ya miaka 15 walilazwa wachache na walikufa wachache kuliko waliokuwa naye mwaka mmoja tu. Sawa, hauthibitishi kwamba daktari ndo sababu, ila mimi ulinitosha.

Shida mji mdogo wenyewe ni wachache, na wengine hawapokei wagonjwa wapya. Vibao navyo usiviamini, mtu anaweza kuandika chochote. Mimi walionisaidia ni watu wa famasi, maana wao ndo wanajua nani anaandika dawa zikasomeka na nani anapokea simu wakimuuliza kuhusu dozi. Halafu pale mapokezi nilikuwa nauliza swali moja tu: nikirudi mwezi ujao namkuta yeye yule, au yeyote atakayekuwepo? Ukiona dada anababaika, geuza.

Tukampata. Hata kabla ya miadi tukaambiwa tubebe dawa zote za mama kwenye mfuko, hata zile anazojinunulia mwenyewe. Daktari akazimwaga mezani, akaokota ile ya magoti, "hii mama umeanza lini?" Basi. Akaisimamisha, akampa paracetamol na mazoezi ya miguu, dawa ya presha hakuongeza hata kidonge, na presha ikashuka taratibu.

Ubaya ni kwamba mji mdogo daktari hana pa kujificha. Juzi tumemkuta kwenye foleni benki, nageuka nakuta mama keshapandisha gauni anamwonyesha goti mbele za watu. Mwenyewe akacheka tu, "mama, njoo Jumanne."