Ferrari ya maili 9,400

Shemeji alinitumia picha saa tano usiku, na chini yake maneno matatu tu: "Maili elfu tisa." Picha ilikuwa ya Ferrari 360 Modena, nyekundu, ya mwaka 2001, imeegeshwa kwenye ukumbi wa muuzaji mmoja hapa Uingereza, sakafu inang'aa kama ya msikiti siku ya Idi. Nilipompigia alikuwa hajalala. "Shemeji, gari limekaa miaka 22 halijafika hata kilomita 16,000. Hilo si jipya hilo?"

Mimi ni fundi. Nilianzia Mombasa, gereji ya ami yangu, tukifungua Peugeot 504 na Datsun chini ya mwembe, na sasa ni miaka mingi niko huku nikitengeneza magari ya Kitaliano na ya Kijerumani. Kwetu, mtu akikuambia gari limetembea kidogo, wazo la kwanza ni kwamba mita imerudishwa. Nimeona mitumba imeshushwa bandarini Kilindini dashibodi ikisoma kilomita 60,000 huku mpira wa pedali ya breki umelika mpaka chuma kinaonekana. Kwa hiyo nilipokubali kwenda kulikagua, nilikwenda kumtafuta mwizi.

Kazi hiyo niliianzia kitandani, kwa simu. Huku gari likitimiza miaka 3 linakaguliwa kila mwaka, ukaguzi unaoitwa MOT, na mkaguzi huandika maili. Rekodi za kuanzia 2005 hivi ziko wazi kwenye tovuti ya serikali, bure, unaingiza namba ya gari tu. Nikazisoma moja moja: 2006, maili 5,900. 2009, maili 7,840. 2012, maili 8,900. Zinapanda taratibu, hazirudi nyuma hata mara moja. 2015, maili 9,212. 2016, maili 9,223.

Hapo nikasimama. Maili 11 kwa mwaka mzima? Baadaye, nilipoziona risiti za zamani zenye jina la kijiji cha mwenye gari, nilipima kwenye ramani. Kutoka pale hadi kituo cha ukaguzi ni maili tano na nusu. Kwa hiyo mwaka ule gari lilitolewa bandani, likapelekwa kukaguliwa, likarudishwa bandani. Basi. Kisha rekodi zinakatika hadi 2022. Gari liliandikishwa kuwa haliko barabarani, likalala.

Mita haikuchezewa. Usukani, mto wa kiti cha dereva ule upande unaosuguliwa na paja kila unapoingia, pedali, ukingo wa diski za breki: vyote vilikubaliana na maili 9,400. Namba ilikuwa ya kweli, na ndiyo iliyonitia wasiwasi kuliko kama ingekuwa ya uongo. Gari la maili za uongo limechoka, lakini fundi anajua limechoka wapi. Gari lililolala huchakaa mahali ambapo macho hayafiki.

Tulifika Jumamosi moja ya Februari, baridi ya kukata masikio. Shemeji alikuwa amesoma mahali fulani kuhusu sumaku, akaja na ile ya friji yao, yenye picha ya Fort Jesus. Akaibandika ubavuni mwa gari ajue kama kuna plasta ya kuziba mikunjo chini ya rangi. Sumaku ikaanguka chini. Akajaribu mlango, ikaanguka. Boneti, ikaanguka. Akanigeukia uso umemshuka. "Shemeji, gari zima plasta?"

Nilicheka mpaka muuzaji akatoka ofisini. Bodi ya 360 ni alumini, na fremu yake pia ni alumini, iliyotengenezwa kwa ushirikiano na Alcoa ya Marekani. Sumaku haina la kushika. Hata vile vipima-rangi vya bei rahisi vinavyofanya kazi kwa sumaku havisomi kitu hapo. Unahitaji kile kinachotumia mkondo wa umeme, na ndicho nilichokuwa nacho. Rangi ya milango ilisoma unene wa mikroni 110 hadi 130 (mikroni elfu moja ni milimita moja), kiwango cha kawaida cha kiwandani. Kona ya nyuma kushoto ilisoma 240. Imepakwa tena. Nilichungulia kwa tochi ndani ya buti ya mbele na kwenye maungio ya nyuma, sikuona alama ya kulehemu wala mkunjo. Mkwaruzo wa ukutani, pengine. Tukaliacha hilo.

Lililonikera lilikuwa jingine. Injini ya 360 iko nyuma ya viti, chini ya kioo, unaiona kama kitu kilichowekwa kabatini. Muuzaji alikuwa amelitoa gari nje alfajiri ili tulikute limepangwa vizuri na wenzake. Vioo vya magari yote pale vilikuwa na umande. Cha Ferrari kilikuwa kikavu. Nikakiwekea kiganja: vuguvugu. Alikuwa ameshaliwasha na kulipasha moto.

Sikumgombeza. Nilimwambia tutarudi Jumatatu, na tunaomba lisiguswe. Shemeji alinuna njia nzima; kwake yeye mtu anayewasha gari kwa ajili yako amekufanyia hisani. Lakini injini ya moto ina siri nyingi. Tuliporudi Jumatatu kioo kilikuwa na umande. Nikapiga stati mwenyewe, nikashuka haraka, nikainama nyuma upande wa kushoto. Tik-tik-tik-tik, kavu, kama mtu anagonga kijiko kwenye sinia. Ilidumu kama dakika moja na nusu, ikafifia, ikapotea. Baada ya hapo V8 ile, injini ya silinda nane, ilikuwa inaimba na hakuna aliyesikia kitu.

Ile ilikuwa manifoldi ya ekzosi, bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye silinda. Za 360 zinajulikana kwa kupasuka. Zikiwa baridi ufa uko wazi na moshi unapenya. Chuma kikipata moto kinatanuka, ufa unajifunga, sauti inakwisha. Ndiyo maana Jumamosi nisingeisikia kamwe. Sitaki kusema muuzaji alijua. Ninasema tu kioo kilikuwa kikavu.

Tuliomba kulichukua gari kwa siku moja hadi gereji ya rafiki yangu yenye lifti. Chini ya 360 kumefunikwa kwa vibao ili upepo upite sawasawa; vinaficha kila kinachovuja, na kuvifungua ni skrubu baada ya skrubu baada ya skrubu. Watu wengi hukagua magari haya bila kuvitoa, wakaandika ripoti safi. Kibao cha nyuma kilipoteremka kilishuka na maganda ya njugu za msituni, manyoya, na vipande vya sufi ya kuzuia sauti. Panya alikuwa amekaa humo kama mpangaji. Nilifuatilia nyaya zote kwa vidole, inchi kwa inchi, na moja tu ndiyo ilikuwa imetafunwa kidogo ganda la juu. Tulikuwa na bahati.

Oili ilikuwa imelowesha pembeni mwa vifuniko vya kemu, zile shafti zinazofungua valvu. Haidondoki, inalia tu. Sili za mpira zinahitaji oili moto izipitie mara kwa mara. Zikikaa miaka zinakauka na kuwa ngumu. Hapo ndipo watu wengi hukosea hesabu. Mpira hausomi mita. Matairi yalikuwa na kashata nzuri kabisa, yale meno ya kushika barabara, lakini kwenye ubavu namba nne za mwisho zilisema 3309: wiki ya 33, mwaka 2009. Huku Uingereza tangu 2021 ni marufuku tairi la miaka 10 kuwekwa ekseli ya mbele ya basi au lori. Kwa Ferrari hakuna anayekukataza. Na mkaguzi wa 2016 alikuwa ameshaandika kwenye rekodi kwamba matairi ya nyuma yana nyufa ndogo ndogo. Matairi yale yale, miaka saba baadaye, tukaletewa yamepakwa dawa ya kung'arisha.

Mikanda ya taimingi, ile inayozungusha kemu ili valvu zifunguke kwa wakati wake, vilevile. Katika 360 hubadilishwa kila miaka 3, hata kama gari halikutoka bandani. Angalau mhandisi aliwahurumia mafundi: unaifikia kwa kufungua kibao nyuma ya viti, tofauti na F355 iliyotangulia, ambayo injini nzima lazima ishuke. Risiti ya mwisho ya mikanda ilikuwa ya 2015. Niliifungua nikaitazama: laini, meno kamili, ungeapa ni mipya. Mkanda hautangazi uzee wake. Ukikatika, pistoni zinakutana na valvu, na valvu ziko 40.

Klachi ndiyo iliyomshangaza shemeji. Lile lilikuwa na giaboksi ya F1, isiyo na pedali ya klachi, unabadili gia kwa vijiko nyuma ya usukani, na mashine ya kupimia huweza kukwambia klachi imelika kiasi gani. Ilisoma asilimia 41. "Kwa maili elfu tisa?" Nikamuuliza, gari linalolala bandani hufanya nini siku linapotolewa? Linarudi nyuma kidogo, linakwenda mbele kidogo, linapanda kizingiti, linaegeshwa upya ili lipigwe picha. Giaboksi ile haipendi kunyata. Klachi hii haikuliwa barabarani, ililiwa uani.

Mwisho nikapima kila silinda kwa upepo: unajaza hewa ya kompresa silinda ikiwa imefungwa, unasoma ni asilimia ngapi inavuja, kisha unatega sikio. Upepo ukisikika kwenye kifuniko cha oili, ni ringi za pistoni, omba Mungu. Ukisikika kwenye ekzosi ni valvu ya kutolea moshi. Silinda sita zilikuwa kati ya asilimia 4 na 7. Mbili zilikuwa 13 na 15, zote zikipumua kwenye ekzosi. Nilichofikiria, na nilimwambia shemeji kwamba ni kufikiria tu, ni kutu nyepesi kwenye viti vya valvu, kwa injini iliyosimama siku nyingi valvu hizo zikiwa wazi. Mwendo wa kutosha ungeweza kuvisafisha. Ungeweza pia usivisafishe.

Ningekuwa nakagua Porsche 911 ya miaka ile ningemuuliza kompyuta ya injini: inahifadhi saa ambazo injini imefanya kazi, na mara ilizozungushwa kupita mpaka. Unagawanya maili kwa saa, unapata mwendo wa wastani, na mwendo wa wastani hauna adabu ya kuficha. Kwa hii Ferrari nilibaki na mikono na masikio.

Usiku ule tulikaa kwa dada, shemeji akatoa karatasi. Yeye ni mhasibu. Nilimtajia, akaandika: manifoldi, mikanda na ruli zake, matairi manne, sili za kemu, oili zote, mafuta ya breki, petroli ya zamani kumwagwa yote, mipira yote ya petroli na maji. Vitufe vya dashibodi pia, vile vilivyokuwa vimelainika na kunata kidoleni kama halua. Ni maradhi ya Ferrari za miaka hiyo na si ya gari lile peke yake. Kisha akachora mstari na kuandika klachi chini yake, kwa penseli.

"Kwa hiyo tuache?" akauliza.

"Nani kasema tuache? Bodi nzuri, historia ya kweli, hakuna deni, halijawahi kuandikwa na bima kuwa limeharibika. Linunue. Ila usilinunue kwa bei ya maili 9,000."

Muuzaji alikuwa anataka pauni 68,500. Alisema, na ukitazama minada alikuwa na haki, kwamba watu hulipia maili chache. Shemeji akamsogezea karatasi. Mazungumzo yalichukua siku nne na tukakubaliana 60,750, sehemu kubwa kwa sababu ya ile tik-tik niliyokuwa nimeirekodi kwenye simu, na pembeni ya picha umande unaonekana kwenye kioo.

Kazi ilinichukua wikiendi sita. Manifoldi ya kushoto ilikuwa na ufa wa urefu wa kidole changu kidogo. Ya kulia ilikuwa nzima lakini tulibadilisha zote mbili. Baada ya maili 600 nilipima silinda tena: ile ya 13 ilishuka hadi 7, ile ya 15 ikaishia 10, na hapo imekaa. Klachi bado ile ile.

Kimoja kilinipita. Kiyoyozi sikukipima, kwa sababu ilikuwa Februari na vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi, nikaona nani atataka baridi zaidi. Sili ya kompresa ilikuwa imekauka kama ndugu zake zote. Shemeji alinipigia simu mwezi wa Juni kutoka kwenye foleni ya barabara kuu ya M1, jua la utosi, madirisha yote wazi, akiniuliza kwa upole sana kama kwenye ile karatasi yake bado kuna nafasi.