"Ticha, Hina Yako Imebanduka?"

Nafundisha PP1, darasa la chekechea, huku Majengo, Mombasa, watoto wa miaka minne na mitano, na nina mbalanga, yaani mabaka ya ngozi iliyopoteza rangi: mikononi, shingoni, na duara jeupe linalozunguka jicho la kushoto. Mtu mzima akiniona huangalia pembeni. Mtoto hana habari hizo. "Ticha, hina yako imebanduka?" "Ulimwagikiwa na uji wa moto?" Msichana mmoja alilowesha kidole kwa mate, akanisugua kifundo cha mkono polepole, kisha akakichunguza kidole chake kuona kama rangi imetoka.

Wao hawanisumbui. Kazi iko kwa wakubwa. Mama mmoja alimfinya mwanawe pale langoni kwa kuninyooshea kidole: "Nyamaza, huna adabu!" Mtoto akalia, na kesho yake akaficha mikono nilipomwamkua. Tangu hapo, mzazi akianza kukemea namwahi: "Mwache aulize, mamake, mimi sina neno."

Muhula ukianza tu nakaa nao mkekani, naweka mikono mapajani, anayetaka kushika ashike. Maneno yangu ni machache na ni yaleyale: ngozi ina vitu vidogo sana vinavyotengeneza rangi, vyangu hapa vimekufa, haiumi na haiambukizi. Sizidishi. Mtoto wa umri huo ukimpa jibu refu ameshahamia kwenye nzi aliyetua dirishani. Habari za kinga ya mwili kuzishambulia chembe za mwili uleule nawawekea wazazi, maana miongoni mwao yupo aliyeniuliza, kwa upole kabisa, kama niliipata kwa kula samaki nikashushia maziwa.

Swali linalorudi ni "Itanishika na mimi?" Hilo silijibu kwa mdomo pekee. Nawaosha mikono kwa mikono yangu hii hii, nawafunga kamba za viatu, basi linaisha.

La kofia ndilo gumu kidogo. Jua la Mombasa huchoma upesi mahali ngozi imepoteza rangi, kwa hiyo tukitoka kucheza saa nne navaa kofia pana na mikono mirefu. Wao wanaona ni pambo, kila mmoja anataka kuijaribu.

Mbalanga sasa wameizoea, wamehamia kwenye meno. Nina mwanya, na kijana mmoja anataka kujua kama chakula huponyoka hapo. Nimemwambia mahamri hapana, labda mbaazi.