Mtoto anakataa kula asubuhi? Mimi niliokolewa na kimea, unga wa ulezi uliooteshwa

Akitokea mtu mwingine wa kuniambia "mtoto akikataa uji mbane pua, atameza mwenyewe" nitagombana naye, nasema kweli kabisa. Hilo nimeambiwa na watu wazima wenye akili zao, wamelea watoto na wamekua, sawa, lakini mtoto ukimlaza ukamnywesha kwa nguvu huku analia anapaliwa, uji unaingia njia ya hewa, unaweza ukaishia hospitali siku hiyo hiyo. Na hata asipopaliwa, kesho yake akikiona tu kikombe anaanza kulia kabla hujamkaribia, sasa hapo umepata nini?

Mwanangu ana miaka miwili na nusu. Tunaishi Kimara, kazi yangu iko mjini, na anayejua foleni ya kupanda mwendokasi asubuhi anajua kwamba ukichelewa dakika kumi nyumbani unachelewa karibu saa nzima ofisini. Kwa hiyo mimi saa kumi na mbili na nusu natakiwa niwe nimeshamkabidhi mtoto kwa dada anayelea watoto hapo mtaani, ameoga, amevaa, na ana kitu tumboni. Kuoga na kuvaa havikuwa tatizo. Kula ndio ilikuwa vita, anaweka kijiko cha kwanza mdomoni anakaa nacho hivyo hivyo shavuni mpaka tunafika getini, hamezi wala hatemi.

Ushauri niliopewa jamani! Wa kwanza minyoo. Kila mtu minyoo, wakati mtoto alishapewa dozi yake kliniki pamoja na matone ya vitamini A, ile wanayotoa mwezi wa sita na wa kumi na mbili, nikiwaambia hivyo wananijibu "mpe tena". Wa pili dawa ya maji ya kuongeza hamu ya kula, shoga yangu alininunulia kabisa akaniletea na nia yake ilikuwa njema, nikasoma karatasi ya ndani nikakuta ni siproheptadini, yaani ni dawa ya mzio ambayo inaleta usingizi, hiyo njaa ni kama inakuja kwa bahati tu. Mimi mtoto wangu simpi dawa ya mzio hana mzio, bila daktari kuniambia. Nikaiweka kabatini mpaka leo.

Wa tatu simu. Muwekee katuni atakula bila kujijua. Hii nilijaribu na ni kweli mdomo unafunguka, ila anatazama, anasahau kutafuna, bakuli moja linaenda dakika arobaini, na ukiichukua simu ndio kilio kinaanza upya na safari hii analia hasa. Asubuhi ya Jumatatu nani ana dakika arobaini?

Wa nne ndio ulinikera zaidi kwa sababu umeenea sana: unga wa lishe wa nafaka kumi. Mahindi, mchele, ngano, mtama, ulezi, uwele, soya, karanga, maharage, mbegu za maboga, vyote mashineni kwa pamoja. Ule unga ni mzito tumboni, soya isipoandaliwa vizuri inamsumbua mtoto, na karanga ikishasagwa ikakaa kwenye ndoo wiki tatu na joto hili la Dar inachacha, unaisikia hata harufu. Halafu kuna sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, ambayo inapenda mahindi na karanga kuliko kitu kingine, na haionekani kwa macho wala haiishi kwa kuchemsha. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, sio hadithi hiyo. Sasa wewe unanunua unga ulioshachanganywa na mtu usiyemjua, karanga zake hukuziona, unampa mtoto kila siku asubuhi. Mimi nilikataa. Karanga nachagua mwenyewe, iliyokunjamana au yenye rangi rangi natupa, nakaanga kidogo kidogo, natwanga, naweka kwenye uji siku hiyo hiyo. Na ni ya kutwanga, nzima simpi, mtoto mdogo hivi karanga nzima inamkaba.

Aliyenisaidia ni nesi mmoja wa kliniki, mama mtu mzima anakaribia kustaafu. Nilienda nimejaa malalamiko, akachukua kadi akanionyesha mstari wa uzito unavyopanda ndani ya kijani vizuri tu. Akaniambia mama, mtoto anazaliwa na kilo 3, akifika mwaka mmoja yuko kwenye kilo 9, amejizidisha mara tatu, sasa mwaka wa pili anaongeza kama kilo mbili na nusu tu, unataka ale kwa kasi ile ile ya mwanzo kilo hizo aziweke wapi? Nilishusha pumzi pale pale kwenye benchi. Bibi yake huku nyumbani alikuwa kila siku "mwanangu umemkondesha mjukuu wangu", kumbe mtoto anarefuka.

Halafu akaniuliza usiku anakula nini. Nikamwambia anakula vizuri, na kabla ya kulala chupa ya maziwa, na akishtuka usiku chupa nyingine. Akacheka. Anaamka saa kumi na moja na tumbo la maziwa, njaa itoke wapi! Maziwa ya ng'ombe kwa umri huu nusu lita kwa siku inatosha, ukizidisha yanakaa mahali pa chakula na madini ya chuma yanapungua, maana maziwa hayana chuma cha maana. Tukaiondoa chupa ya usiku. Akiamka baba yake ndiye anaenda, anampa maji kwenye kikombe, na nasema aende baba kwa sababu mimi nikienda anajua maziwa yapo. Siku za mwanzo tulilia wote watatu nyumba nzima, halafu ikaisha.

Sasa kimea. Hapa nataka niseme taratibu kwa sababu wengi wa rika langu wanakijua kwenye togwa tu.

Tatizo la uji ni kwamba ukiupika mwepesi ili anywe haraka, umempa maji. Tumbo lake dogo, linajaa, saa tatu ana njaa. Ukiupika mzito wa kushiba unakuwa karibu na ugali, anauweka shavuni nilivyosema. Nesi akaniambia upike mzito, halafu uulegeze kwa kimea badala ya maji. Taasisi ya Chakula na Lishe ilikuwa inahimiza hiki kitu tangu miaka ya 1980, sijui kwa nini tumekiacha tukakimbilia makopo.

Unachukua ulezi, mimi nilianza na kilo moja, ilikuwa elfu tatu hivi au pungufu pale sokoni. Unaosha mpaka mchanga uishe, na ulezi una mchanga usio na huruma, unaloweka usiku mzima, unamwaga maji, unautandaza kwenye kitambaa safi kibichi na kuufunika. Unanyunyizia maji kidogo asubuhi na jioni. Siku ya pili ya tatu unafunua unakuta vimizizi vyeupe vimetoka kila punje. Hapo unaanika juani mpaka ukauke kabisa, unafikicha vimizizi vidondoke, unapepeta, unasaga. Mashine za mtaani hazitaki kukusagia kilo moja, wanasema inaishia humo humo ndani, mimi nasaga kwenye kile kikombe kidogo cha blenda na kuchekecha. Kwenye masika mzigo mmoja ulinishinda, mvua wiki nzima jua hakuna, ukaota ukungu. Nikautupa wote. Usijaribu kuokoa hata punje, ukungu ni ukungu.

Kupika sasa. Unapika uji wa kawaida, wa mahindi au wa mchele, lakini uwe mzito mpaka mwiko unasimama. Unaepua. Unaacha upoe kiasi kwamba kidole kinavumilia, na hapa ndipo watu wanapoharibu, wanaweka kimea uji ukiwa unachemka halafu wanasema kimea hakifanyi kazi. Kinachofanya kazi ni vimeng'enya, vile vinavyovunja wanga, vilivyoamka wakati punje inachipua, na moto mkali unaviua. Ukishapoa hivyo unatia kijiko kimoja cha kimea kwa bakuli la mtoto, unakoroga. Dakika ya kwanza hakuna kitu. Ya pili mwiko unaanza kuteleza. Unakoroga, unakoroga, na mbele ya macho yako ule uji uliokuwa umesimama unalegea, unatiririka, unakuwa wa kunyweka, na hujaongeza hata tone la maji! Na unakuwa mtamu wenyewe kwa sababu wanga umevunjwavunjwa, sukari siweki hata chembe. Baadaye unaurudisha jikoni uchemke kidogo kuua vijidudu, unatia karanga yako, au maziwa, au ndizi mbivu ya kuponda.

Mara ya kwanza niliufanya Jumamosi nikitulia, na mwanangu alikuwa kasimama kwenye stuli pembeni yangu anachungulia. Ulipoanza kulegea akapiga kelele "mama angalia! maji!" Akataka mwiko. Nikampa. Akakoroga kwa mikono miwili, mezani kote uji, akakoroga mpaka ukawa maji kweli, halafu akaniangalia akasema "changu". Akanywa kikombe chote amesimama. Mimi sikuongea, niliogopa hata kumpongeza asije akageuza mawazo.

Tangu siku ile kazi ya kukoroga ni yake. Usiku mimi nachambua karanga, dada wa kazi anaandaa unga, alfajiri napika wakati mtoto bado amelala, namuamsha, anaoga, anavaa, na chakula kinakuja MWISHO. Zamani nilikuwa nimefundishwa ale kwanza ndio avae asichafue nguo, lakini mtoto aliyeamka sasa hivi hana njaa, hata mimi sina. Mpe kama nusu saa achangamke. Nguo namvalishia fulana kuukuu ya baba yake juu, anaivua mlangoni. Anafika mezani uji umeshapoa vizuri, anatia kimea, anakoroga, dada anaupitisha motoni, na wakati unapoa tena anakula kipande cha chungwa, ambalo pia linasaidia mwili kuchukua chuma kilichomo kwenye ulezi. Chai ya rangi asubuhi hapewi, chai inazuia hicho chuma, nimeshagombana na watu wawili watatu kwa ajili ya "kachai kidogo tu".

Asipotaka, basi. Natoa kikombe bila maneno, tunaondoka, dada wa mtaani anampa saa tatu. Mimi kazi yangu ni kumuwekea chakula kizuri kwa wakati wake, ale kiasi gani ni shauri lake. Siku niliyoamua hivyo ndio kelele zilikwisha, kwa sababu aliona hakuna wa kushindana naye.

Uji hauwi kila siku lakini. Kuna siku ni kiazi kitamu kilichochemshwa jana yake usiku na yai, kuna siku chapati za maji nyembamba nazikunja anashika mwenyewe njiani.

Kuna waliosikia kimea wakashtuka, "unampa mtoto mbege?" Sio pombe jamani. Pombe inahitaji kuchachuka siku kadhaa, huu uji unakorogwa, unachemshwa na kunywewa asubuhi ile ile. Bibi yake, ambaye ni mtu wa Songea na togwa ameinywa tangu utoto, ndiye aliyenitetea kwa hilo mbele ya majirani, na sasa akija anakuja na ulezi wake mwenyewe kwenye kiroba, anasema wa Dar una mchanga. Kweli una mchanga.