Leseni yangu ilifutwa Cardiff, nikaanza upya na kibao cha L

Bahasha ya kahawia ilitoka Swansea, kwenye ofisi ya leseni za udereva. Niliifungua jikoni, sare ya kazi ikiwa bado mwilini. Leseni yangu imefutwa. Kusimamishwa miezi kadhaa ningevumilia, lakini hii ilikuwa kurudi kuwa mwanafunzi, nifanye tena mtihani wa nadharia na wa barabarani.

Dar es Salaam niliendesha miaka 11. Ila leseni ya Tanzania huku Uingereza haibadilishwi: unaitumia miezi 12 tangu uhamie, kisha unafanya mtihani wao. Nilifaulu, nikajihesabu dereva mzoefu. Sheria yao ya 1995 ikanihesabu dereva mpya. Ndani ya miaka 2 ya kwanza alama 6 za makosa zinakumaliza. Wenye leseni ya siku nyingi hufika 12 ndani ya miaka 3 ndipo wafungiwe, tena mahakamani ambako wanaweza kujieleza. Sisi wapya inafutwa moja kwa moja.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani, nyumba nane au tisa kwa siku, na dakika za kutoka nyumba moja hadi nyingine ni chache. Tangu Septemba 2023 mitaa mingi ya Wales ni maili 20 kwa saa, kama kilomita 32. Kamera iliponinasa mara ya kwanza nilipewa darasa badala ya alama. Nilikaa nikiwaza zamu ya jioni. Mara ya pili darasa halikuwepo, maana halirudiwi ndani ya miaka 3. Nikalipa paundi 100, alama 3. Kisha alfajiri moja, nimetoka zamu ya usiku, barabara tupu, nikapita taa nyekundu. Tatu nyingine.

Nimeliwaza sana jambo hili. Nyumbani nilichojifunza kuogopa ni tochi ya trafiki. Mwendo wenyewe sikuuogopa. Madereva tunawashiana taa, mbele wapo, unapunguza, ukishawapita unakanyaga. Miaka 11 mguu wangu ulisoma hivyo.

Rafiki akaniambia, "Kaka, wewe endesha tu, nani atakuuliza?" Nilikataa. Leseni ikishafutwa bima haina kazi, na kuendesha bila bima ni alama 6 hadi 8 nyingine. Nikimgonga mtoto wa mtu je? Asubuhi yake nilimwambia msimamizi wangu mwenyewe, kabla hajasikia kwingine. Niliogopa kufukuzwa. Akanihamishia kwa wazee wa mtaa mmoja, nikawa nawazungukia kwa miguu, mvua isiyoisha ya huku ikininyeshea.

Niliomba leseni ya kujifunzia. Nadharia paundi 23: maswali 50, ufaulu ni 43, pamoja na video za kutambua hatari. Mtihani wa barabarani paundi 62, na nafasi niliisubiri miezi mitano.

Miezi hiyo ndiyo iliyonisaidia. Anayekaa pembeni ya mwanafunzi lazima awe na leseni kamili kwa miaka 3, naye awe ametimiza miaka 21. Shemeji yangu anayo ya muda mrefu. Kila Jumapili tulibandika L nyekundu mbele na nyuma, tukatoka.

"Shemeji, sema kwa sauti kila unachokiona," aliniambia.

Niliona aibu. Nikaanza: basi limesimama, mama ana kigari cha mtoto, mlango wa gari unafunguliwa. Tukakaribia kipilefti, nikanyamaza.

"Mbona kimya?"

Nilikuwa namwangalia wa kulia tu, na mwendesha baiskeli wa kushoto sikumwona kabisa. Mikono ikatoka jasho. Ni wangapi nimewapita hivyo miaka yote? Siku hiyo pia alinionyesha nguzo za taa za barabarani: huku Wales mtaa wenye nguzo hizo ni maili 20, isipokuwa kibao kikuambie vingine. Hakuna vibao vya kukukumbusha njia nzima. Nilikuwa nikisubiri kibao ambacho hakikuwekwa.

Nilifaulu mara ya kwanza, makosa madogo manne. Zile alama 6 bado ziko kwenye rekodi yangu, na bima imepanda vibaya. Ofisini nimeomba dakika kumi zaidi kati ya mzee wangu wa saa mbili na yule wa saa tatu. Wamenipa saba. Bado nasema kwa sauti ninachokiona, hata nikiwa peke yangu garini.