Siku moja chini ya ubavu wa boti

Nikisema natengeneza boti Nungwi, kaskazini ya Unguja, watu wanadhani napaka rangi. Watalii nao hupita na kamera, wakapiga picha ubao mpya, wakaenda zao. Basi leo nawapitisha kwenye siku yangu. Mimi ni mwanagenzi tu, bado najifunza, na boti tuliyonayo sasa ni ya mbao, ya injini ya ndani. Ilikuwa ikichukua wageni kwenda kisiwa cha Mnemba, kisha mwenyewe akaivuta mchangani akaiacha inyeshewe.

Saa 12 asubuhi nipo pwani. Naondoa turubai, nachota maji ya mvua yaliyotuama ngamani, chini kabisa ndani ya boti, nabandika chai.

Saa 1 fundi anafika. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Lete kisu."

Si nyundo wala randa, kisu. Tunapita ubao kwa ubao, yeye anachoma ncha, mimi natia alama kwa chaki. Mbao nzima huikataa ncha, iliyooza huipokea. Nilidhani uozo utakuwa chini, unakokaa majini. Kumbe uko juu, omoni (mbele ya boti) na kwenye maungio, pale mvua inapotuama. Maji ya chumvi huihifadhi mbao, ya mvua huiozesha. Huko chini adui ni mwingine: wadudu wa baharini wanaotoboa mbao. Nje unaona tundu la sindano, ndani mbao imeshaliwa yote. Wazee huwatoa kwa kupandisha chombo na kukipiga moto wa makuti makavu. Halafu ipo misumari. Ikila kutu, mbao inayoizunguka hugeuka nyeusi na laini, mingine naing'oa kwa vidole.

Saa 4 akaja mwenye boti.

Kaja na pikipiki, suruali imenyooshwa pasi, akazunguka mara moja. "Yakhe, mbona kila nikija boti imepungua? Nimewapa mtengeneze au mbomoe?" Kwa macho yake ana haki, maana kazi hii nusu yake ni kutoa. Fundi akamwambia mataruma ya omoni, zile mbavu za ndani, yameoza. "Si mpige puti na rangi, nani ataona?" Fundi hakujibu. Alimshika mkono, akaupeleka kwenye taruma, akamwambia bonyeza. Kidole kikazama. Jamaa akakifuta kwenye suruali ile ile ya pasi.

Ungedhani yameisha. Akaleta habari ya faiba, ule utando mgumu wa nyuzi za kioo, kwamba rafiki yake wa Mjini kaifunika boti yake yote na haivuji hata tone. Fundi akamweleza kuwa mbao yenye unyevu ukiifunika faiba inaozea ndani kwa ndani, na utajua siku inapoachia. Akahamia kwenye bei ya misumari. Akatoka kwenye misumari akaja kwangu: huyu kijana analipwa kwa kulala chini ya boti? Mwisho akasema anachokitaka hasa, boti ishuke bamvua hii hii, maji makubwa yanayokuja.

Hapo namwelewa. Boti ni nzito na iko juu kabisa ya mchanga, maji mafu, yale madogo, hayaifikii. Inataka bamvua, mwezi unapoandama au unapopevuka, ambapo maji huku hujaa karibu na saa 10 jioni na tofauti ya kujaa na kupwa hufika kama mita 4. Ukiikosa, unangoja wiki mbili, na wiki mbili kwake ni wageni wanaopanda boti za wenzake. Lakini kumwelewa hakujazi taruma. Aliondoka adhuhuri inaadhiniwa, asubuhi yote imekwisha.

Baada ya sala na wali kwa maharage, saa sizijui tena. Ni kalafati tu, kuziba mianya ya mbao. Nalala chali chini ya ubavu, nasokota pamba iliyochovywa mafuta ya nazi, naipachika kwenye mwanya, naishindilia kwa chembeu na nyundo. Mafuta yanachuruzika sikioni, vumbi la rangi ya zamani linaingia machoni, mabega yanawaka. Ukitia pamba kidogo, inavuja. Ukitia nyingi, mbao zikivimba majini zitasukumana na misumari itaachia. Kipimo ni sauti: nyundo inaanza kwa mlio mzito, pamba ikikaa mlio unakuwa mkavu. Fundi yuko juu anachonga taruma la mwembe kwa tezo, hanioni, lakini ananisikia. "Umepaacha hapo nyuma, rudi." Narudi, nagonga, mlio unakauka, naye hasemi kitu. Sifa zake ndizo hizo, nami nazichukua.

Na hata tukiikalafati vizuri namna gani, boti iliyokaa kavu lazima ivuje siku za mwanzo, mpaka mbao zivimbe. Usiku huo atakayelala ndani kufua maji namjua: si fundi, na mwenye suruali ya pasi ndiyo kabisa.

Jua linazama tunakusanya vifaa. Posho mkononi, deni la chai nimelipa, nyumbani nimeoga lakini harufu ya nazi haitoki.

Nimejinyoosha, simu inalia. Mwenye boti katuma picha ya kopo la rangi ya buluu, anauliza yatatosha mangapi. Nikamjibu amuulize fundi.

"Fundi hapokei," kaandika.